Hata Mimi Ningeweza Kuichora

Ukishuka matatu pale Kangemi na kuingia ndani ndani ya mtaa wetu, utaliona bango la kinyozi lenye vichwa vitatu vya wanaume. Kichwa cha kwanza kimenyolewa panki. Cha pili kimenyolewa chote kikang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Cha tatu hakina jicho la kushoto, maana mvua imelila likaisha. Bango hilo lilichorwa na baba yangu mzazi. Miaka nenda miaka rudi nimelipita nikienda shule na wenzangu, nao wakilicheka lile jicho, mimi nami nilikuwa nacheka. Sikuwahi kuwaambia ni kazi ya nani. Leo nawaambia, na mhariri akitaka kupunguza makala haya, namwomba asiikate sehemu hii.

Baba alianza kazi ya rangi kwa kuchora matatu. Hizo ni siku ambazo mimi sijazaliwa. Yeye husema kwamba wakati huo gari bila mchoro halipati abiria. Watu walisubiri lile lenye sura za wanamuziki na maandishi ya kumetameta hata kama la wazi limesimama hapo hapo. Kisha Februari 2004 sheria mpya za matatu zikaanza kutekelezwa. Kila gari likatakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. Wachoraji wakabaki wakitazamana. Baba akahamia kwenye mabango: bucha, kinyozi, hoteli, duka la kuuza mbegu. Baadaye michoro ilirudi kwenye matatu, lakini ilirudi na vijana wenye mashine za kupulizia rangi na za kuchapisha stika. Mabango nayo yakaanza kuwa ya plastiki, yanayotoka kwenye mashine kabla chai haijapoa. Siku hizi Baba hupaka rangi kuta za nyumba za watu pale anapoitwa. Nyeupe juu ya nyeupe.

Kwa hivyo mnaweza kufikiria mambo yalivyokuwa nyumbani nilipochagua somo la Sanaa mwisho wa kidato cha pili. Baba alikaa siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne, tukiwa tunakula, akaweka tonge chini.

"Mimi nimekula rangi zaidi ya miaka ishirini," akasema. "Unajua ladha yake wewe? Haina chumvi."

Mama alijifanya anatafuta maji. Mimi sikujibu. Ningejibu nini? Angekuwa mtu asiyejua sanaa ningembishia, lakini huyu alikuwa anaijua kuliko mwalimu wangu.

Darasani kwetu wanafunzi wa Sanaa ni tisa tu. Mwalimu wetu ni mtu wa kupenda hadithi, na katika muhula wa kwanza alitusimulia habari za wasanii kabla hatujashika hata penseli. Alituambia juu ya Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka wa 1928, akasomea sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ile ya sanaa. Alifundisha miaka mingi, na aliirudia sanaa kwa dhati alipokuwa anakaribia miaka sitini. Kwa kuwa rangi ni ghali, alikata karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akazibandika vipande vipande mpaka zikawa wanyama na watu wa kijijini. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa kule Harlem, New York, katika jumba la Studio Museum. Alifariki 2021. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaitazama pakiti ya unga kwa muda mrefu mpaka Mama akaniuliza kama nimeona mdudu.

Pia alitusimulia juu ya Sane Wadu. Huyu alikuwa mwalimu, akaiacha kazi miaka ya themanini ili achore, akawa anachora hata juu ya nguo alizovaa. Watu wakasema ameshikwa na wazimu. Naye akajipa jina la Sane, yaani mwenye akili timamu! Mwaka wa 2022 taasisi ya Nairobi Contemporary Art Institute ilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka yote. Hadithi hii nilimpelekea Baba nikidhani itamlainisha. Aliniuliza, "Kati ya kuacha ualimu na hayo maonyesho ni miaka mingapi?" Nikahesabu. Akasema, "Na hiyo yote watoto walikuwa wanakula wapi?"

Basi mwezi wa tatu Mwalimu akapanga tuende Nairobi katikati kuona maonyesho. Nauli na chakula ni shilingi mia tatu kila mtu. Mama ndiye aliyenipa. Baba alitia sahihi kwenye barua, lakini alisema picha hazijazi sufuria.

Tulianzia Archives. Nyinyi nyote mnaijua Archives. Hakuna mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kuambiwa "tupatane Archives", akasimama pale nje karibu na sanamu ya Tom Mboya akitazama saa. Lakini ni nani kati yetu aliwahi kuingia ndani? Mimi nilidhani ni mahali pa mafaili tu. Kumbe ghorofa ya chini ya jengo lile, ambalo zamani lilikuwa benki, imejaa vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi na mkewe Sheila: vinyago, vitambaa, mapambo, vigoda, picha. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, na aliachia cheo mwaka huo huo. Alifariki 1990. Niliwaza kwamba watu wa vyeo ni wengi na majina yao tunayakariri kwa ajili ya mtihani, lakini huyu alituachia kitu ambacho unaweza kukizunguka ukakitazama na nyuma. Tulikaa saa nzima. Ningekaa zaidi.

Kutoka hapo tulienda kwa miguu mpaka Nairobi Gallery, jengo la mawe la mwaka wa 1913 pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue. Zamani watu waliandikisha hapo vizazi, ndoa na vifo. Hapo hatukukaa sana kwa sababu njaa ilikuwa imeanza kutuuma, na mtu mwenye njaa huona mkate katika kila picha.

Mahali pa tatu sitapataja jina. Ni jumba la sanaa ya kisasa katika mtaa wa matajiri, wenye miti mingi na watu wachache. Mlinzi alitutazama viatu kwanza, kisha sare, kisha akauliza, "Nyinyi watoto mnaenda wapi?" Mwalimu akatoa barua. Mlinzi akaisoma mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu. Hatimaye akatufungulia. Hakuna kiingilio, kila mtu anakaribishwa; ndivyo ilivyoandikwa mlangoni.

Ndani palikuwa kimya kama msikiti usiku. Kuta zote nyeupe, na kila ukuta una picha moja au mbili tu, kana kwamba picha nazo zinaogopana. Katika chumba kimoja palikuwa na televisheni inayomwonyesha mwanamume akiosha jiwe kwenye karai. Analiosha, analiweka, analichukua tena. Nilingoja lolote litokee, halikutokea. Kando yake palikuwa na maelezo ya aya tano, Kiingereza kitupu, na kigumu kuliko jiwe lenyewe. Wanachama wenzangu, hapa nina lalamiko. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini katika jumba lile zima sikuona neno moja la Kiswahili ila kwenye kopo la kuzimia moto. Tuliporudi tulijaribu chamani kutafuta maneno. Picha za kubandika vipande, wengine walitaka kuziita kolaji, wengine ubandikaji. Hatukuafikiana, na mwenyekiti akafunga mkutano kwa sababu ya mvua.

Sasa nifike penyewe. Mwalimu alitupa kazi: kila mtu achague kitu kimoja, asimame mbele yake dakika kumi bila kuzungumza, halafu aandike alichokiona. Mimi nilichagua kile kilichokuwa karibu na dirisha kwa sababu ya baridi. Kilikuwa ni mabati. Nasema kweli, mabati makuukuu yenye kutu, yamekatwa vipande vinne, yakageuzwa huku na huku, yakashonwa pamoja kwa waya. Mwenzangu mmoja (jina nalihifadhi, maana naye ni mwanachama wa chama hiki) alipita nyuma yangu akaninong'oneza, "Hata mimi ningeweza kuichora hii. Hata sio kuchora, ni kushona!"

Nilitaka kucheka. Dakika mbili za kwanza nilikuwa nawaza vile vile. Dakika ya tatu nikaona matundu ya misumari, mawili juu na mawili chini, nikajua kwamba mabati haya yaliwahi kupigiliwa ukutani. Dakika ya nne nikaona chini ya kutu kuna rangi: nyekundu, juu ya manjano iliyofifia. Nikainamisha kichwa. Nikaona N. Kwenye kipande kingine, kikiwa kimepinduliwa miguu juu, nusu ya Y. Kisha S nzima. Moyo ukanipiga pa! Lilikuwa bango la bucha.

Ninyi mnaosoma haya pengine hamjui herufi zinavyoandikwa, kwa hivyo nivumilieni kidogo. Mwandishi wa mabango hupiga mistari kwanza kwa uzi wenye chaki. Anauvuta, anauachilia, pap, mstari umenyooka. Kisha anachora herufi kwa penseli, anazijaza, anangoja zikauke, ndipo anatia kivuli. Kivuli ndicho kazi. Kikianguka chini kushoto kwa herufi ya kwanza, lazima kianguke chini kushoto mpaka ya mwisho, na upana wake uwe mmoja. Kwenye N ni rahisi. Kwenye S, ambayo haina pembe hata moja, mkono ukitetemeka mara moja tu S yako itaonekana kama nyoka aliyemeza chura. Nayajua haya kwa sababu nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo. Na S ile iliyokuwa ukutani, msomaji, kivuli chake kilizunguka mwanzo hadi mwisho bila kutetemeka.

Hapo nikaelewa kwamba yule mwenzangu alisema kweli kuhusu waya. Kushona kwa waya hata yeye angeweza. Asichoweza ni zile herufi, na herufi hakuna aliyekuwa akizitazama.

Nikasogea kusoma kibandiko. Palikuwa na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, halafu maneno yanayomaanisha "mabati yaliyookotwa, waya". Bei yake ilikuwa kwenye karatasi mezani: shilingi laki tatu na nusu. Mara ya mwisho Baba kuandika bango la bucha alilipwa elfu moja mia tano, na mia tano kati ya hizo mpaka leo anadai.

Yaliyookotwa! Mabati yaliokotwa, sawa. Na herufi nazo ziliokotwa?

Nilimuuliza Mwalimu swali hilo tukiwa nje kwenye nyasi tukila mkate, na nadhani sauti yangu ilipanda, maana mlinzi aligeuka. Nikamwambia wahenga walisema Mgala muue na haki yake umpe. Yule mwandishi wa bango hata jina hakupewa. Mwalimu hakunikemea. Alitafuna kwanza. Kisha akaniuliza, "Wewe umepita mabango mangapi ya bucha tangu uzaliwe?"

"Mengi."

"Ni lipi ulilisimamia dakika kumi?"

Sikuwa na jibu. Akasema kazi ya msanii yule ilikuwa ni kukusimamisha, na umesimama. Niliona ana haki nusu. Ile nusu nyingine bado nabishana nayo mpaka leo. Akaongeza habari za Chéri Samba wa Kongo, aliyezaliwa 1956. Huyo aliingia Kinshasa mwaka wa 1972 akafanya kazi kwa waandishi wa mabango, na 1975 akafungua kibanda chake mwenyewe. Mwaka wa 1989 picha zake zilikuwa Paris katika maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la Terre. Na mpaka sasa huandika maneno ndani ya picha zake ili mpita njia asimame asome. Hajaacha ubango wake, ameingia nao.

Jioni nilimweleza Baba. Nilidhani atakasirika kama mimi. Aliendelea kula sukuma yake, halafu akauliza, "Hiyo rangi nyekundu, ilikuwa imepasuka au imechujuka?"

"Imepasuka."

"Hakupiga undakoti," akasema. "Na kivuli?"

Nikamweleza kivuli. Akaacha kula. "S ngapi?"

"Moja."

Hakusema zaidi. Lakini wiki ya kwanza ya likizo ya Aprili, maonyesho yakiwa karibu kufungwa, nilimkuta Jumamosi asubuhi amevaa shati la kanisani. "Twende unionyeshe," akasema. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Tukaenda.

Mlinzi alikuwa ni yule yule. Alimwambia "Karibu mzee," na mimi hakuniona kabisa, kwa kuwa sikuwa na sare. Baba alipoingia hakutazama picha. Alitazama ukuta. Aliukaribia mpaka pua ikakaribia kugusa, akaupapasa, akasema, "Wamepiga mikono mitatu. Fundi wao ni mzuri." Binti aliyekuwa mezani akatabasamu, hakujua aseme nini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kisha dakika hiyo hiyo nikaona haya kwa kuona haya.

Mbele ya mabati alisimama zaidi ya dakika kumi. Alikunja mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Baadaye akanyosha kidole, akaifuata ile S hewani bila kuigusa, kutoka juu hadi chini.

"Huyu ni wa mkono wa kushoto," akaniambia.

"Umejuaje?"

"Tazama brashi ilikoishia." Nikatazama. Sikuona kitu. Akanionyesha tena, ncha moja ya herufi ilivyokuwa imechongoka upande usio wa kawaida, nami nikaona. "Tulikuwa na mmoja hivyo. Lakini wako wengi." Akasoma bei. Akahesabu sufuri kwa kidole, akakirudisha kidole mfukoni.

Tuliingia katika vyumba vingine. Picha ya mama aliyeketi aliisifu kwa ajili ya mikono. Alisema mikono ndiyo inayoshinda watu, uso hata mlevi anachora. Palipokuwa na televisheni pana benchi, naye alikuwa amechoka, akaketi akamtazama yule mtu wa jiwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, karibu robo saa. Nikangoja aseme ni upuzi. Alipoinuka akasema, "Huyo ni mtu anayelipwa kwa siku." Tangu hapo nimeisoma tena ile karatasi ya Kiingereza, aya zote tano, na sijaona mahali imesema vizuri kuliko hivyo.

Katika matatu alinyamaza mpaka Westlands. Halafu akaniuliza mtihani wa Sanaa una nini. Nikamweleza kuna nadharia, kuna mchoro, na kuna kazi ya mikono ambayo unaitengeneza kwa miezi. Akauliza kama hiyo ya mikono inaweza kuwa ya herufi. Nikasema nitauliza. Kidogo akarudi tena, sauti ya chini, kana kwamba makanga asisikie:

"Na wale watu wa pale, wanaweza kununua mabango yaliyokamilika? Ambayo hayajakatwa?"

Nyuma ya nyumba yetu kuna mabango kumi na moja, yameegemezwa ukutani na kufunikwa na nailoni. Ni kazi za wateja waliokosa pesa, au waliohama, au walioona la plastiki ni rahisi zaidi. Moja ni la hoteli, lina kikombe cha chai chenye mvuke, na ule mvuke ukiutazama sana unaona umeandikwa "Karibu". Lile silicheki, sikuwahi kulicheka.

Nilimwambia nitauliza. Sasa ni muhula wa pili na bado sijauliza. Naogopa watakataa, na naogopa pia watakubali, wayanunue kwa bei ya chuma kuukuu, halafu siku moja nikaukute mvuke ule umeshonwa kwa waya kando ya dirisha. Mwalimu ameahidi kwenda nami. Hajasema siku gani.

Jana jioni nilipotoka shule nilimkuta Baba ameyatoa yote kumi na moja nje, ameyapanga kwenye ua wa majirani, anayapangusa moja moja kwa kitambaa chenye tapentaini. Watoto wa ploti walikuwa wamechuchumaa wakimtazama. Aliniuliza kama nimeuliza. Nikamwambia bado. Akanipa kitambaa kingine, nikaweka mkoba chini, nikaanza na lile la chai.